Mchoro wa Kadzo Nilioupaka Samawati

Brashi hulazwa. Ukiiacha imesimama kwa nywele zake ndani ya kopo la maji, kesho yake imepinda shingo na haichori tena mstari ulionyooka. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofunzwa kazini, nami naliweka mwanzo kwa sababu ndilo mtakalolihitaji kesho asubuhi. Mengine yatachukua muda. Nimestaafu mwaka huu, na nyinyi walimu wa sanaa mliobaki mmeniomba kurasa chache za kuwasaidia darasani. Msitafute humu habari za vyeo, maana sikupewa vingi na nilivyopewa havikunifunza kitu.

Nilianzia Changamwe, katika shule iliyokaa kando ya barabara ya malori ya bandarini. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo wa stoo na sanduku la rangi zilizokauka zikawa kama vigae. Niliuliza chumba cha sanaa kiko wapi. Mwalimu aliyekuwa akinikabidhi alinionyesha kivuli cha ukuta wa choo akasema asubuhi hakuna jua pale. Hakuwa akinitania.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Athmani, mzee wa Mvita, fundi wa kuchora na mkali wa maneno, aliyevaa kofia ya vito iliyokuwa na alama za vidole vya rangi pande zote. Aliniona nakaribia kulia juu ya lile sanduku.

"Ndoo hapa, mwanangu," akaniita nimsogelee. "Rangi haziko dukani pekee. Ziko jikoni kwa mamako."

Basi tukawa tunatengeneza. Manjano ya kupikia yalitupa rangi ya jua. Mkaa uliosagwa na kuchanganywa na gundi ulitupa weusi usio na mfano wake. Udongo wa Changamwe wenyewe ni mwekundu, haukuhitaji chochote ila kuchujwa. Hina ilitupa kahawia ya mbao. Kijani kilitusumbua, tuliponda majani kikakauka na kuwa rangi ya chai. Samawati ndiyo hatukuiweza kabisa. Ilibidi inunuliwe, kwa hivyo Mwalimu Athmani aliifungia kabatini na kuitoa kijiko kwa kijiko.

Nilikuwa mwalimu mzuri miaka ile, naweza kusema hivyo bila haya. Kuna mwanafunzi aliwahi kuniletea karatasi nyeusi tupu, kona hadi kona. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mtaa wao stima ikipotea. Nilimpa alama zote. Wenzangu walinicheka ofisini wiki nzima, nami sikujali, kwa kuwa nilipita mtaa ule jioni moja stima imepotea nikaona kila kitu kilikuwa vilevile alivyochora.

Kisha mashindano yakaanza kuja. Mnayajua. Barua hufika shuleni na kichwa kirefu cha habari kuhusu mabadiliko ya tabianchi na utunzaji wa mazingira, ikiwataka wanafunzi wachore. Miaka ya mwanzo tulipeleka kazi za watoto kama zilivyo, zikarudi kama zilivyo. Mwalimu Athmani alikwenda kutazama michoro iliyoshinda, akarudi ameelewa.

"Waamuzi wataka kusikitika kidogo, kisha wafurahi," alinieleza. "Kushoto weka jangwa. Kulia weka bustani. Katikati mtoto na mche mkononi. Anga iwe samawati. Wakiondoka waondoke na raha yao."

Ndipo nilipofunzwa kusafisha. Kila mwalimu wa sanaa wa rika langu analijua neno hilo, na wengi watakana. Mtoto akishachora, wewe unabaki na karatasi. Unanyoosha mstari hapa, unaongeza mkoko pale, unafuta kitu kinachochukiza. Hatukuliita udanganyifu, tuliliita kusafisha, mfano wa mama anayemfuta mtoto makamasi kabla ya kupigwa picha. Nimepanda mikoko mingi sana katika maisha yangu, yote ya karatasi.

Mwalimu Athmani alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu. Mimi nikahamishiwa Kisauni, shule moja ya Mtopanga, karibu na nilikozaliwa. Wakati huo somo letu lilikuwa limeshatolewa kwenye mtihani, na somo lisilotahiniwa huliwa mchana kweupe. Vipindi vyangu vilichukuliwa kimoja kimoja na hesabu. Mwalimu mkuu, mtu wa bara aliyekuwa na bidii na asiye na ubaya wowote moyoni, aliniita ofisini.

"Madam Rukia, hii kuchora-chora inatusaidia aje?" akauliza. "Mimi sikukatazi. Lakini hii mashindano inakuja, kama hatushindi, hicho kipindi kimoja umebaki nacho ninapatia hesabu. Na hiyo stoo yako tutaweka viti."

Nilitoka mle nikiwa na nia moja tu, kushinda. Nawaambia ili mjue kilichokuwa kichwani mwangu, si ili mnionee huruma.

Darasa la saba kulikuwa na msichana aitwaye Kadzo, mwembamba, mwenye mkono uliotulia. Walikuwa wamepanga nyumba Mishomoroni, kwenye mteremko unaoshukia mkono wa bahari, yeye na mama yake na nyanya yake, ambaye kwa Kigiriama alimwita hawe. Mama alikuwa mtu wa vibarua, leo kufua, kesho kubeba mchanga. Hawe alikuwa amepooza upande mmoja na siku zake alizimaliza kitandani. Hayo aliniambia Kadzo mwenyewe. Mimi sikuwahi kufika.

Kadzo alichora kwa kreyoni za nta, zile vipande vipande nilizokuwa nikiokota chini ya madawati. Alipoleta mchoro wake wa mashindano niliuweka mezani nikautazama tena, maana ulikuwa na nguvu. Nyumba ya chumba kimoja, dirisha la mbao. Nyuma ya nyumba mtaro, na mbele kidogo, ukuta mpya wa mawe umeukata mtaro kati. Maji ya kahawia, kahawia nzito yenye takataka, yamejaa nyuma ya ukuta na kurudi hadi dirishani. Pembeni, msichana amembeba mwanamke mzee mgongoni, anapanda mlima. Hapakuwa na mche wala mkoko. Nikajua kwamba kwa waamuzi ungerudi ulivyokwenda.

"Kadzo!"

"Abee, mwalimu."

"Njoo. Hii nyumba yenu imezama?"

"Bado, mwalimu. Itazama."

"Nani kakwambia?"

"Naweka alama ya mkaa mlangoni kila ikinyesha. Tangu mwenye ile ploti ya jirani ajenge ukuta, mvua ya kwanza maji yalifika kizingitini. Ya pili yakafika matendegu ya kitanda cha hawe. Ya juzi yakalowesha chini ya godoro. Mvua kubwa ikija yatafika dirishani."

"Na huyu anayepanda mlima?"

"Ni mimi. Nambeba hawe, twaenda kwa jirani yetu Mama Rehema, kule juu."

Nilicheka. Nakumbuka hata kicheko chenyewe, kile cha mtu mzima anayetaka kumaliza mazungumzo.

"Watia chumvi, mwanangu. Mimi nimezaliwa hapa Kisauni, mvua za hapa nazijua. Maji hayafiki dirishani."

Akaniangalia. "Hayafiki, mwalimu?"

"Wallahi hayafiki."

Sisi wa pwani neno hilo hutudondoka kutwa nzima. Tunaapia bei ya nyanya, tunaapia kwamba tumeshakula. Kadzo aliondoka nalo. Akasema, "Haya, mwalimu," akaniachia karatasi.

Sasa niwape maelezo ya kazi, kwa kuwa yanahusika. Rangi ya maji haishiki juu ya nta. Ukipaka, inakimbia na kuwa matone, kreyoni zinabaki zikikutazama. Ukitaka ishike lazima uichanganye na gundi nyeupe ya maseremala na tone la sabuni, upake mara mbili, na kila mara uache ikauke. Hiyo ilikuwa siri ya Mwalimu Athmani. Nilijifungia stoo mchana kutwa. Nikatoa samawati, chupa nzima. Nikayafunika maji yote ya kahawia yakawa bahari tulivu. Ukuta nikaugeuza safu ya mikoko. Msichana na mzigo wake nikawapaka kijani hadi wakawa kilima, na juu ya kilima nikaweka watoto watatu, kila mmoja na mche wake. Nyumba niliiacha. Ilikuwa imechorwa vizuri, na nyumba ndogo kando ya bahari huwapendeza waamuzi.

Tulishinda. Si nafasi ya tatu wala ya pili, ya kwanza kabisa. Siku ya kutuzwa, mchoro ulikuwa umetiwa fremu ya kioo, na Kadzo alisimamishwa kando yake amevaa fulana ya mashindano iliyomfika magotini. Shule ilipewa tangi kubwa la maji. Mwalimu mkuu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Wageni walipokwenda kula, nilimwona Kadzo ameusogelea mchoro, pua karibu iguse kioo, anatafuta.

"Mwalimu, hawe nimempeleka wapi?"

"Yumo ndani ya nyumba," nikamtania. "Amepumzika."

Hakucheka. Nikaenda kuchukua biriani yangu.

Kipindi changu kilibaki. Stoo yangu haikuwekwa viti. Masika yaliyofuata yalikuja mazito, siku tatu bila kupumua, na Jumamosi asubuhi maji yalijaa nyuma ya ule ukuta. Mama Kadzo alikuwa ametoka alfajiri kwenda vibarua. Kadzo alitolewa dirishani na majirani. Hawe hakutolewa. Mlango ulikuwa umezuiwa na uzito wa maji, na kitanda kilikuwa upande wa mbali.

Habari nilizipata Jumatatu, ofisini, kutoka kwa mwalimu wa zamu. Walimu walichanga, wakaenda kuwapa pole kabla maiti haijasafirishwa Kaloleni kuzikwa. Mimi nilisema nina homa. Nilikaa stoo nikiosha brashi zilizokuwa safi.

Kadzo hakurudi. Nyumba haikukalika tena, na mama yake akamhamishia ng'ambo ya Likoni kwa ndugu zao. Niliona dawati lake likipewa mtoto mwingine na sikuuliza anwani. Nilikuwa na jibu langu nililojiambia kila usiku nikikosa usingizi, kwamba karatasi haizuii maji. Hata ningeupeleka mchoro vilevile, waamuzi wangeutupa, ukuta ungebaki, mvua ingenyesha. Hawe angekufa. Nilikuwa nimesafisha tu, kama kila mtu. Jibu lile lilinitosha kwa miaka, na nilifundisha vizuri vya kutosha, na bado nikasafisha michoro ya watoto wengine. Hilo pia nawaambia, maana mtadhani niliacha.

Mwaka huu nilikwenda kupeleka fomu zangu za kustaafu katika ofisi moja ya umma kisiwani. Niliambiwa nisubiri kwenye benchi. Nilipoinua macho, mchoro wa Kadzo ulikuwa mbele yangu ukutani. Sikuwa na habari ulipelekwa huko. Kioo hakikuwapo, nadhani kilivunjika walipokuwa wakihamisha, na hewa yetu ya chumvi ilikuwa imefanya kazi yake. Gundi imezeeka. Samawati ilikuwa imepasuka na kubanduka vipande vipande, mfano wa ganda la kitunguu, na kila palipobanduka palitokeza kahawia. Dirisha la ile nyumba lilikuwa tayari limo majini. Kwenye kilima, mtoto mmoja mwenye mche alikuwa ameanguka, na mahali pake palikuwa na mguu wa mtu anayepanda.

Nilisimama nikausogelea. Karani wa mapokezi, kijana mwenye adabu, aliona ninavyoutazama.

"Shikamoo, mama. Wewe ni mwalimu wa sanaa, nimeona kwenye fomu. Huu mchoro wetu umeharibika, wageni wanauliza. Huwezi kututengenezea kidogo?"

"Marahaba. Naweza," nikasema. "Nipe niende nao."

Nyumbani niliutandaza mezani. Maji ya vuguvugu, sifongo laini, na subira. Gundi hulainika kabla karatasi haijalowa, ukiwa na mkono mwepesi. Mikoko ilitoka yote kwa mara moja. Bahari ilitoka kwa vipande virefu. Nta chini yake ilikuwa haijaguswa, kila mstari wa mtoto yule uko pale pale alipouweka. Niliyaona hadi yale nisiyoyaona siku ile kwa haraka yangu: mlangoni alikuwa ameweka vistari vitatu vyeusi, kimoja juu ya kingine, na juu yake cha nne, kwenye usawa wa dirisha.

Nilirudisha mchoro ofisini. Yule karani aliutazama kwa muda.

"Mama, tulisema uutengeneze."

"Nimeutengeneza."

Akaingia ndani kuuliza, akatoka akasema kwa upole kwamba wakubwa wameona hauwezi kukaa mapokezi. Nikaufunga kwenye leso nikaondoka nao.

Kadzo nilimpata kwa kuwauliza wanafunzi wa darasa lake, ambao sasa ni watu wazima. Anashona nguo Shika Adabu, huko huko Likoni, kibanda cha mabati chenye cherehani mbili. Nilivuka kwa kivuko nikaenda. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu, kaa hapa, hicho kiti kina mguu mbovu."

Nikafungua leso mbele yake. Aliutazama mchoro wake bila kuugusa. Nikamwambia yote, niliyoyafunika na kwa nini, kipindi, stoo, tangi. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa kuuharibu mchoro wake. Nikaongeza, kwa sababu mdomo wangu ulishalizoea, kwamba hata hivyo karatasi haingezuia maji.

"Si karatasi, mwalimu," akasema.

Alikuwa akizungusha kitufe kati ya vidole vyake.

"Ile Jumamosi Mama Rehema alishuka mapema na wanaume wawili kuja kumtoa hawe. Maji yalikuwa bado kwenye matendegu. Hawe alikuwa analia, hakutaka kutiwa mvuani. Mimi ndiye niliyewaambia wamwache. Niliwaambia yakipita godoro yatasimama, hayafiki dirishani, mwalimu ameniapia. Mama alikuwa akitufunza, mtu akiapa kwa Mungu wake, mwamini. Basi wakaenda kuokoa vitu vyao."

Akakiweka kile kitufe juu ya cherehani.

"Siku zote nimedhani pengine nilikusikia vibaya," akasema. "Kwamba ulijua kitu nisichokijua mimi. Ulikuwa umekwenda kupima. Ulifika kwetu, mwalimu, kabla hujaniapia?"

Nilikunja ncha ya leso, nikaikunjua.

"Sikufika," nikamjibu.

Akatikisa kichwa polepole, akaukunja mchoro katika leso yangu, akanirudishia. Hakunifukuza. Alinisindikiza hadi barabarani, kwa heshima zote, kama alivyofunzwa na mama yake.

Msisafishe michoro ya watoto. Mtoto akikuletea maji, usibishane naye kwenye karatasi. Mwambie akupeleke ukayaone, na ulimi wako uuweke mbali na jina la Mungu hadi umeyaona. Sina somo jingine la kuwaachia. Wiki iliyopita nilisimama kwenye lango la ile shule ya Mtopanga nikaanza kutembea kuelekea Mishomoroni, nikiuliza njia, hadi pale palipokuwa na nyumba ile. Ukuta bado upo, na mtaro bado umekatwa. Ni dakika kumi na tano, kwa miguu yangu hii ya mstaafu.